Carl Langenbuch: daktari aliyethubutu kuondoa mfuko wa nyongo, na somo lake kwa wagonjwa wa Shinyanga na Geita

Kila anayechinja mbuzi anajua kazi ya kutoa nyongo. Kile kifuko cha kijani kilichojificha chini ya ini huondolewa taratibu, kwa ncha ya kisu, maana kikipasuka nyama yote inakuwa chungu. Binadamu naye anacho kifuko kama hicho. Katika makala hii tunasimulia maisha ya daktari wa kwanza duniani aliyefanikiwa kukiondoa katika mwili wa mtu aliye hai, na mtu huyo akapona. Aliitwa Carl Langenbuch, Mjerumani, na alifanya hivyo mwaka 1882.

Tunasimulia habari zake kwa sababu swali alilolijibu bado linasumbua familia nyingi za Kanda ya Ziwa. Mtu anaambiwa hospitali kwamba ana mawe kwenye mfuko wa nyongo na anatakiwa kufanyiwa upasuaji. Anaogopa. Anajiuliza kama mwili utabaki na nguvu ya kupambana na magonjwa. Anasikia kuna upasuaji wa kufungua tumbo na kuna upasuaji wa matundu madogo, na hajui tofauti yake ni nini. Majibu yake yanaanzia kwa Langenbuch, hata kama yeye mwenyewe hakuishi kuyaona yote.

Mawe yanatoka wapi?

Tuanze na mwili wenyewe. Nyongo hutengenezwa na ini. Kazi yake ni kusaidia kuyeyusha mafuta tunayokula. Mfuko wa nyongo hauitengenezi, bali ni ghala dogo tu: unaitunza, unaipunguza maji iwe nzito, kisha unaisukuma kwenye utumbo mtu anapokula.

Nyongo ikikaa ikiwa nzito kupita kiasi, vitu vilivyomo huganda na kuwa mawe. Mengine ni madogo kama punje za mtama, mengine hufikia ukubwa wa yai la kware. Watu wengi wana mawe hayo na hawajui, kwa sababu hayawaumizi. Shida huanza jiwe linapokwama kwenye mrija. Hapo mtu hupata maumivu makali upande wa kulia chini ya mbavu, mara nyingi baada ya kula chakula cha mafuta, na maumivu hayo hupanda mpaka mgongoni au kwenye bega la kulia.

Kijana wa Kiel

Carl Langenbuch alizaliwa tarehe 20 Agosti 1846 katika mji wa Kiel, kaskazini mwa Ujerumani. Alizaliwa katika mwaka wa bahati kwa fani ya upasuaji. Miezi miwili tu baadaye, Oktoba 1846, madaktari wa Boston nchini Marekani walionyesha hadharani kwamba mgonjwa anaweza kulazwa usingizi kwa dawa ya etha na kukatwa bila kusikia maumivu. Kabla ya hapo mgonjwa alishikwa na wanaume wenye nguvu, na daktari bora alikuwa yule mwenye mkono wa haraka.

Langenbuch alipokuwa kijana, daktari Joseph Lister wa Uingereza alitangaza njia ya kuua vijidudu vya kidonda kwa dawa ya kaboliki. Ilikuwa mwaka 1867. Kwa hiyo kijana huyu alikua na vitu viwili ambavyo wazee wake hawakuwa navyo: mgonjwa aliyelala, na kidonda kinachoweza kubaki safi.

Alisomea udaktari, kisha akaenda Berlin kuwa msaidizi wa daktari mkubwa wa upasuaji, Robert Wilms, katika hospitali ya Bethanien. Mwaka 1873, akiwa na miaka 27 tu, alikabidhiwa kuongoza hospitali ya Lazarus mjini humo. Huko ndiko alikofanya kazi zake zote kubwa, mpaka alipofariki.

Punda, tembo na wazo moja

Wakati huo mgonjwa wa mawe ya nyongo hakuwa na njia nzuri. Alipewa morfini ya kutuliza maumivu, maji ya chemchemi ya kunywa, na ushauri wa kuvumilia. Mwaka 1867 daktari John Bobbs wa Indianapolis, Marekani, alikuwa amefungua mfuko wa nyongo wa mgonjwa, akatoa mawe na kuufunga. Madaktari wengine walifuata njia hiyo. Lakini mara nyingi kidonda kilibaki kikivuja nyongo kwa muda mrefu, na baada ya miaka michache mawe yalirudi.

Langenbuch aliliangalia jambo hili kwa macho mengine. Aliona kwamba kutoa mawe na kuacha mfuko ni kama kufagia uchafu na kuacha paa linalovuja. Mfuko wenye ugonjwa haukuwa unabeba mawe tu, bali ndio uliokuwa unayatengeneza. Kwa hiyo tiba ilikuwa kuuondoa mfuko wenyewe.

Je, mtu anaweza kuishi bila mfuko wa nyongo? Langenbuch alitafuta jibu kwa wanyama. Alijua kwamba zaidi ya miaka 200 nyuma wataalamu wa Italia waliwaondolea mbwa mifuko ya nyongo, na mbwa wale waliendelea kuishi. Tena alijua kwamba wapo wanyama ambao Mungu hakuwapa kabisa kifuko hicho. Tembo hana. Farasi hana. Punda naye, huyu tunayemwona kila siku akivuta mkokoteni wa maji katika vijiji vya Shinyanga, hana mfuko wa nyongo, na nguvu zake hakuna asiyezijua. Nyongo yake hutoka kwenye ini na kwenda moja kwa moja kwenye utumbo.

Pamoja na hayo Langenbuch hakukimbilia kumkata mgonjwa. Alifanya mazoezi kwa miaka kadhaa kwenye miili ya watu waliokwisha kufa. Alitafuta mahali pazuri pa kupasua, akajifunza mirija na mishipa ya damu ya eneo lile, mpaka mikono yake ikazoea njia.

Tarehe 15 Julai 1882

Mgonjwa wake alikuwa mwanamume wa miaka 43. Alikuwa ameteswa na maumivu ya nyongo kwa miaka 16. Alikuwa amekonda vibaya, na kwa sababu ya maumivu alishakuwa mtumwa wa morfini. Alilazwa hospitalini siku chache kabla, tumbo lake likasafishwa, kisha tarehe 15 Julai 1882 akaingizwa chumba cha upasuaji.

Langenbuch alipasua tumbo kwa umbo la herufi T. Mkato mmoja ulifuata ukingo wa chini wa ini, mwingine ukashuka pembeni ya msuli wa tumbo. Aliufikia mfuko, akaufunga mrija wake kwa uzi wa hariri, akaukata na kuutoa. Ndani yake mlikuwa na mawe mawili, na kuta za mfuko zilikuwa zimekuwa nene kwa ugonjwa wa miaka mingi.

Kesho yake mgonjwa hakuwa na homa. Maumivu yalikuwa madogo, na inasimuliwa kwamba alikuwa akivuta sigara yake kubwa kitandani. Baada ya siku 12 alikuwa anatembea. Baada ya wiki kama sita alitoka hospitali, maumivu yake ya miaka 16 yamekwisha na mwili umeanza kunenepa.

Tuzishike hesabu hizo mbili, siku 12 kabla ya kutembea na wiki sita kabla ya kurudi nyumbani, kwa sababu tutazirudia.

Ubishi wa madaktari

Mtu angedhani dunia nzima ilimpigia makofi Langenbuch. Haikuwa hivyo. Madaktari wengi, akiwemo Lawson Tait, mpasuaji maarufu wa Uingereza, waliona kwamba kuondoa kiungo kizima ni kuzidisha mambo. Waliendelea na njia ya kufungua, kutoa mawe na kuacha mfuko.

Takwimu zilisonga polepole. Kufikia mwaka 1890, miaka minane baadaye, upasuaji wa Langenbuch ulikuwa umefanywa mara 47 tu, na madaktari 27. Kufikia mwaka 1897 ulikuwa umekaribia mara 100, na waliokufa walikuwa chini ya mmoja kati ya watano. Kwa leo idadi hiyo ya vifo ingetutisha. Kwa wakati ule, ambapo hapakuwa na antibayotiki, benki ya damu wala dripu kama tunazozijua, yalikuwa maendeleo.

 Langenbuch aliendelea na kazi na kuandika. Kati ya mwaka 1894 na 1897 alitoa vitabu viwili vikubwa juu ya upasuaji wa ini na mfuko wa nyongo. Polepole madaktari waliona wenyewe kwamba wagonjwa walioondolewa mfuko hawarudi na mawe yaleyale. Njia yake ikawa ndiyo njia ya kawaida, na imeendelea kuwa hivyo mpaka leo.

Wakati Langenbuch akijenga jina lake, mji wake wa Berlin ulikuwa ukiamua pia mambo ya kwetu. Mkutano wa mataifa ya Ulaya juu ya Afrika ulianza huko Novemba 1884 na kumalizika Februari 1885. Muda si mrefu nchi yetu, na Usukuma ndani yake, ikawekwa chini ya utawala wa Wajerumani. Lakini elimu hii ya upasuaji ilichelewa sana kumfikia mwanakijiji.

Kifo chake, na mlango mwingine unaofunguka

Langenbuch alifariki tarehe 9 Juni 1901, akiwa na miaka 54. Kilichomuua kilikuwa ndani ya tumbo lake mwenyewe: kidole tumbo kilipasuka, usaha ukaenea tumboni. Mtu aliyefungua njia ya kuokoa matumbo ya wengine aliondolewa na ugonjwa wa tumbo. Penisilini ilikuwa bado haijagunduliwa. Ingegunduliwa mwaka 1928.

Kifo hicho kinatukumbusha kwamba maambukizi yakishaenea tumboni, kinga ya mwili peke yake mara nyingi haitoshi, hata kwa bingwa.

Mwaka huohuo, Septemba 1901, daktari mwingine Mjerumani, Georg Kelling, alionyesha jambo geni mjini Hamburg. Alijaza hewa kwenye tumbo la mbwa, akaingiza bomba jembamba lenye kuonyesha, akatazama viungo vya ndani bila kulipasua tumbo. Wakati ule ilionekana kama maajabu tu. Miaka zaidi ya 80 ilipita kabla ya jambo hilo kukutana na kazi ya Langenbuch.

Waliokutanisha mambo hayo mawili ni kwanza Erich Mühe, mpasuaji wa Böblingen, Ujerumani. Tarehe 12 Septemba 1985 aliondoa mfuko wa nyongo kupitia matundu madogo. Mwaka uliofuata alipowaeleza madaktari wenzake wa Ujerumani, wengi hawakumsikiliza. Baadaye walimtambua na kumpa heshima. Mwaka 1987 Philippe Mouret wa Lyon, Ufaransa, alifanya upasuaji kama huo kwa kutumia kamera, na kutoka hapo njia ikasambaa dunia nzima kwa miaka michache tu.

Namna yenyewe ni hii. Daktari hutoboa matundu matatu au manne, kila moja likiwa kati ya nusu sentimita na sentimita moja hivi. Tumbo hujazwa hewa ya kaboni daioksaidi ili kuta zake zinyanyuke. Kamera huingia tundu moja, vyombo vya kukatia vinaingia mengine, na daktari anafanya kazi akitazama televisheni. Mfuko unaotolewa ni uleule wa Langenbuch. Mrija unaofungwa ni uleule. Kilichobadilika ni ukubwa wa jeraha. Siku hizi wagonjwa wengi wa njia hii hutembea siku hiyohiyo au kesho yake, na kurudi nyumbani baada ya siku moja au mbili. Linganisha na siku 12 na wiki sita za mwaka 1882.

Sungusungu wa mwilini

Sasa tuje kwenye swali la kinga. Jambo la kwanza la kujua ni kwamba mfuko wa nyongo si kiungo cha kinga ya mwili. Kuuondoa hakumwachi mtu bila ulinzi. Wengi huuchanganya na wengu, kiungo kilicho upande wa kushoto, ambacho kweli husaidia kupambana na vijidudu. Hivyo ni viungo viwili tofauti.

Kinachogusa kinga ni jeraha la kuufikia mfuko.

Sisi wa Shinyanga tunaielewa sungusungu. Ikipigwa yowe, wanaume wote hutoka na kukimbilia kulikotokea wizi. Mwili nao una sungusungu wake. Ngozi na misuli inapokatwa, seli zilizoumia hutoa kemikali ambazo ni kama yowe. Mojawapo, inayoitwa intaleukini-6, hupanda kwenye damu ndani ya saa chache. Ini nalo hujibu kwa kutoa protini ambayo maabara huipima kujua mwili umewaka kiasi gani. Homoni ya msongo, kotisoli, nayo hupanda.

Hilo si baya. Bila yowe hilo kidonda hakiponi. Shida ni ukubwa wake. Yowe likiwa kubwa mno, walinzi wote hukusanyika kwenye nyumba moja, na upande wa pili wa kijiji hubaki wazi. Baada ya jeraha kubwa, chembe nyeupe za damu zinazoitwa limfosaiti hupungua kwenye mzunguko wa damu kwa siku kadhaa, na baadhi ya walinzi waliobaki huwa wazito kutambua adui. Ndizo siku ambazo nimonia, usaha wa kidonda na maambukizi mengine hupata nafasi.

Watafiti wamelinganisha damu ya wagonjwa wa njia hizi mbili mara nyingi tangu miaka ya 1990. Kwa jumla wameona kwamba baada ya upasuaji wa matundu madogo, intaleukini-6 na ile protini ya ini hupanda kidogo kuliko baada ya upasuaji wa kufungua tumbo, na uwezo wa kinga hurudi mapema. Kwenye wodi tofauti hiyo huonekana hivi: vidonda vinavyotunga usaha ni vichache, na maambukizi ya mapafu ni machache.

Mapafu yanaingiaje hapa? Mkato mkubwa chini ya mbavu unauma kila mtu anapovuta pumzi. Mgonjwa huvuta pumzi fupifupi na kuogopa kukohoa. Makohozi hubaki ndani, vijidudu vinazaliana, nimonia inaanza. Matundu madogo hupunguza maumivu hayo.

Lakini tusitie chumvi. Tofauti hii ya kinga ni ya siku chache, si ya maisha. Mtu mwenye afya aliyefunguliwa tumbo na daktari mzuri, katika chumba safi, hupona vizuri, na kinga yake hurudi kama zamani. Upasuaji wa matundu madogo nao una hatari zake. Ile hewa ya kaboni daioksaidi husukuma mapafu kutoka chini na inaweza kumsumbua mgonjwa wa moyo au mapafu. Na katika miaka ya mwanzo, madaktari walipokuwa bado wanajifunza, ajali ya kukata mrija mkuu wa nyongo ilitokea mara nyingi kuliko kwenye njia ya zamani.

Ipo pia njia ya katikati. Daktari hupasua sehemu fupi, sentimita chache tu, bila kamera wala televisheni. Uchambuzi wa majaribio mengi uliotolewa mwaka 2006 ulionyesha kwamba njia hiyo ya mkato mfupi na ile ya kamera hazitofautiani kwa vifo wala madhara, na zote mbili humrudisha mgonjwa nyumbani mapema kuliko mkato mrefu. Kwa hospitali isiyo na mashine ya kamera, hilo ni jambo la maana sana.

Kwa nini jambo hili linatugusa sisi

Denis Burkitt, mpasuaji aliyefanya kazi Uganda, aliona kwamba mawe ya nyongo yalikuwa nadra kwa wanavijiji wa Afrika. Alihusisha jambo hilo na vyakula vyao visivyokobolewa na vyenye nyuzinyuzi nyingi. Leo sembe imechukua nafasi ya dona kwenye nyumba nyingi, mafuta ya kukaangia yameongezeka, na unene umeongezeka pia. Wanawake hupata mawe haya zaidi ya wanaume, hasa waliozaa mara nyingi.

Lakini katika eneo letu ipo sababu nyingine kubwa: selimundu, ambayo wengi huiita sikoseli. Inakadiriwa kwamba watoto kama 11,000 huzaliwa na ugonjwa huo kila mwaka Tanzania. Vipimo vya watoto wachanga wa kaskazini magharibi mwa nchi vimeonyesha kwamba takriban mtoto mmoja kati ya watano amebeba kinasaba chake, na zaidi ya mmoja katika kila 100 ana ugonjwa wenyewe.

Kwa mgonjwa wa selimundu chembe nyekundu za damu huvunjika haraka. Zikivunjika hutoa rangi ya njano inayoitwa bilirubini, ambayo hupitia kwenye nyongo. Ikizidi, huganda na kuwa mawe meusi. Ndiyo maana hata mtoto wa shule mwenye selimundu anaweza kuwa na mawe, ugonjwa ambao watu hudhani ni wa watu wazima tu.

Na hapa ndipo ukubwa wa jeraha unapokuwa na uzito. Wengu wa mgonjwa wa selimundu huharibika mapema, tangu utotoni, hivyo kinga yake dhidi ya baadhi ya bakteria ni dhaifu hata kabla ya kisu. Tena anapovuta pumzi fupifupi kwa maumivu, oksijeni hupungua, chembe za damu hujikunja kama mundu, na kifua kinaweza kushambuliwa vibaya. Kwa mgonjwa kama huyu, njia ya matundu madogo, inapopatikana, ndiyo inayopendekezwa. Kwa njia yoyote ile anahitaji maandalizi: maji ya kutosha, joto, oksijeni, na mara nyingi kuongezewa damu kabla.

Kundi la pili ni wachimbaji. Katika machimbo ya Geita, Kahama na Mwadui wapo watu waliovuta vumbi la mawe kwa miaka mingi, na wengine wamewahi kuugua kifua kikuu. Mapafu yao hayana akiba kubwa. Mkato mrefu chini ya mbavu huwapa kazi ngumu, na hewa ya kaboni daioksaidi nayo inahitaji daktari wa usingizi aliye makini. Ukiwa mchimbaji, au umewahi kutumia dawa za kifua kikuu, mwambie daktari mapema kabla ya siku ya upasuaji, hata kama hajakuuliza.

Tufanye nini?

Ukipata maumivu yanayojirudia upande wa kulia chini ya mbavu, nenda kituo cha afya au hospitali upimwe kwa ultrasaundi. Kipimo hicho hakiumi, na mara nyingi huonyesha mawe wazi.

Ukiambiwa una mawe lakini hayakusumbui, mara nyingi hakuna haraka ya kupasuliwa. Fuata ushauri wa daktari. Kwa mwenye selimundu, ushauri unaweza kuwa tofauti.

Ukiwa na maumivu pamoja na homa, kutetemeka, macho kuwa ya njano, au kutapika kusikokoma, usisubiri gulio lipite wala mavuno yaishe. Nenda siku hiyohiyo. Dawa za miti shamba na mafuta ya kunywa haziyeyushi mawe haya, na wakati unazijaribu mfuko unaweza kujaa usaha au kupasuka.

Muulize daktari maswali haya: Ni njia gani mnayotumia hapa? Je, kwa hali yangu njia ya matundu madogo inafaa, na nikihitaji rufaa nitapelekwa wapi? Wanaofika Muhimbili au KCMC wanaweza kukuta huduma ya kamera. Kwa wengi wetu safari huanzia hospitali ya wilaya, kisha ya mkoa, kisha Bugando iliyoko Mwanza, na daktari wako ndiye ataeleza kilichopo kwa wakati huo.

Lililo kubwa kuliko yote ni hili: usikatae kufunguliwa tumbo ukisubiri matundu madogo wakati mfuko umeshawaka. Jeraha kubwa huichosha kinga kwa siku chache. Usaha ulioachwa tumboni huua, kama ulivyomuua Langenbuch mwenyewe. Hata daktari anayeanza kwa kamera, akiona ndani kumeshikana na hapaonekani vizuri, hulazimika kufungua. Hajashindwa kazi, anakulinda.

Carl Langenbuch alipasua tumbo kwa upana kwa sababu ndiyo njia pekee iliyokuwepo, akamwondolea mtu mmoja mateso ya miaka 16. Waliomfuata waliupunguza mkato wake mpaka ukawa matundu. Kwa mgonjwa wa leo, awe Kishapu, Bukombe au Nyang'hwale, njia zote hizo zinamtafutia jambo moja: mfuko wenye ugonjwa utoke, naye arudi kwake akiwa na nguvu ya kupona.